Sheria ya Kufurahi kwa Sauti

Kwa miezi kadhaa mie niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zote nilizonazo, kwamba Uingereza kuna sheria inayomkataza mtu kufurahi kimyakimya.

Habari hii niliipata kwa kinyozi wetu wa Kiwalani, mtu ambaye mkono mmoja hunyoa na mwingine huendesha dunia. Siku hiyo alikuwa ananinyoa kidevu, na mwenye wembe shingoni kwako habishiwi. Akasema shemeji wa mteja wake mmoja anaosha vyombo kwenye mgahawa huko Uingereza, na kwa macho yake mawili alimwona mzee wa Kizungu akila samaki mzima mpaka mfupa ukabaki mweupe, akapangusa mdomo, akasimama, akaondoka bila kusema neno. Hakufika mbali. Askari walimdaka kituo cha basi.

"Kosa lake?" niliuliza, nikimchungulia kwenye kioo.

"Samaki alikuwa mtamu," kinyozi akasema. "Na hakusema."

"Wakamfunga?"

"Faini. Halafu wakamrudisha pale pale mezani, akasifia mbele ya watu wote. Ndiyo wakamwachia."

Nilitoka pale kidevu kinang'aa na elimu mpya kichwani. Kufika jioni nilikuwa nimeshaisambaza mtaa mzima, na kila nilipoisimulia, yule mzee alizidi kuongezewa adhabu. Kwenye genge la nyanya alilipa faini. Kwa fundi viatu alilala mahabusu. Nilipofika kwa muuza kahawa, mzee wa watu alikuwa ameshahukumiwa, na mkewe anampelekea uji gerezani akilia njia nzima.

Huenda ningeisahau, kama nilivyosahau habari nyingine nyingi za kinyozi yule. Lakini wiki ile ile, shuleni, mwalimu akaja na ushahidi.

Nilikuwa nasoma shule ya jioni. Ni shule yetu sie tulioacha masomo zamani kwa sababu hii na ile, tukarudi darasani na vitambi vyetu. Madawati yalikuwa ya shule ya msingi. Mchana wanakalia watoto, jioni tunakalia sie, magoti yakitugusa masikio. Jirani yangu wa kulia alikuwa mama lishe anayepikia wapakiaji mizigo karibu na uwanja wa ndege. Wa kushoto alikuwa dereva wa lori linalobeba saruji kutoka kiwanda cha Wazo, ambaye akipiga chafya darasa zima linapata vumbi la kutosha kupigia lipu choo. Mie mwenyewe nilikuwa nauza duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo saruji yake ikishuka ilikuwa inaishia mikononi mwangu. Tulikuwa kama ukoo.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana wa kutoka bara, mwembamba, mpole, anayeongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Jioni ile aliandika ubaoni neno moja tu: enthuse. Akaweka chaki chini, akajipangusa mikono.

"Hiki ni kitenzi," akasema. "Mtu anafanya nini aki-enthuse?"

Hakuna aliyejua. Akatueleza kwamba ni kuongea juu ya jambo kwa furaha na shauku. Dereva akanyoosha mkono.

"Kwa Kiswahili tunasemaje, mwalimu?"

"Tulitafute wote."

"Si kusifia tu?" dereva akasema.

Mama lishe akageuka mzima mzima. "Kusifia siyo. Mie kila siku nausifia wali wangu, hata ukiungua. Mdomo unasema karibu wateja, moyo unasema Mungu nisamehe."

"Basi kushangilia."

"Kushangilia napo bado," nikadakia mie. "Mpira si tunashangiliaga tukiwa nje ya ukuta, hata hatujui nani kafunga?"

"Vigelegele!" akasema mwingine kule nyuma.

"Vigelegele havina maneno," mama lishe akakata rufaa. "Hapa wanataka furaha ya maneno."

Mwalimu alikuwa anacheka kwa ndani, mabega yanatikisika. "Mmelizunguka vizuri," akasema. "Ni kuongea juu ya kitu ukiwa umekifurahia kweli, mpaka anayekusikiliza aione furaha yako. Furaha inatangulia, maneno yanafuata. Halafu msilimwage kila mahali. Ni kama pilipili mbuzi kwenye mchuzi."

Hayo ya pilipili nilikuja kuambiwa baadaye na wenzangu. Mwenyewe sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa nimeshamrudia kichwani yule mzee wa samaki. Nikajisemea, kumbe ni kweli! Watu hawatungi kitenzi bure. Ukiona taifa zima limekaa chini likatengeneza neno la kazi hiyo moja tu, ujue nyuma yake kuna sheria, na nyuma ya sheria kuna askari. Sikumwuliza mwalimu. Mtu haulizi jambo analolijua.

Akatusimamisha mmoja mmoja tufanye mazoezi. Mama lishe alilisemea jiko lake jipya la gesi kwa Kiingereza cha kuokoteza, akafika mahali machozi yakamlengalenga. Dereva alilisemea godoro lake, na Kiingereza chake kilikuwa maneno manne tu, lakini aliyazungusha vizuri mpaka nusu ya darasa ikapiga miayo. Mie nilisimama nikaisemea saruji. Nilisema ni unga unaogeuka jiwe, ni ugali wa kuta, na kwamba nyumba iliyojengwa kwa saruji ya dukani kwetu, tetemeko la ardhi likipita linapiga hodi kwanza. Nikapigiwa makofi. Tangu siku ile sikushikika.

Dukani nilianza ku-enthuse kuanzia tunafungua mpaka tunafunga. Mtu akija kununua misumari, namwambia misumari hii imezaliwa kwa ajili ya mbao zako. Akija kuulizia rangi nyeupe, namwambia weupe huu ukiupaka, majirani watavaa miwani. Wengine walicheka wakanunua. Wengine walinunua nusu ya walichokusudia, wakaondoka wakigeuka nyuma. Nyumbani nikahamia kwa mama mwenye nyumba wangu. Alinipa kibakuli cha mchicha wa nazi, nami nikausifia mchicha ule nikiwa nimesimama, mkono kifuani, kwamba hata kama ng'ombe angeuonja angeacha kula nyasi na kuomba sahani. Yule mama akafunika sufuria.

"Unataka nini, baba?" akaniuliza.

"Sitaki kitu, mama. Nimefurahi tu."

"Hapana. Sema unachotaka."

Usiku ule aliingiza ndani nguo zake zote zilizokuwa kambani, hata zile mbichi. Hapo ningepaswa kujifunza. Kwetu, mtu akikusifia kupita kipimo, mkono wako wenyewe unakwenda mfukoni kuangalia kama simu bado ipo. Lakini mie nilikuwa natii sheria za Uingereza, na mtii sheria hana hofu.

Sasa, nilikuwa na rafiki yangu, mchonga vinyago, kibanda chake kinatazamana na duka letu. Kwao ni Newala. Ni mtu mkimya kiasi kwamba akiumwa jino leo, wewe utaambiwa keshokutwa, tena na jirani. Huyu bwana alikuwa amempenda binti mmoja anayeuza duka la dawa Kibamba, na binti naye amempenda. Walipendanaje, kwa ukimya ule, mpaka leo sijui. Nadhani binti ndiye aliyeongea pande zote mbili. Walishakubaliana waoane, ikabaki kupeleka posa.

Baba yake alishafariki, na hata angekuwepo, kwao mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba akapanda basi kutoka Newala, na akafika Dar bila sauti. Sijui ni mafua, sijui ni upepo wa dirishani, lakini kilichokuwa kinatoka kooni kwake kilikuwa hewa tupu yenye nia njema. Na ahadi na wakwe ilishawekwa. Ni Jumapili, baada ya ibada. Ikabidi apatikane mshenga wa kuzungumza kwa niaba ya mjomba.

Rafiki yangu akavuka barabara, akasimama mbele ya mifuko ya saruji.

"Wewe una maneno," akasema.

Kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa hotuba. Nikamwambia braza, hiyo ishu niachie mie, Jumapili jioni utakuwa umeshapata mke na chenji.

Wakwe wale walikuwa watu wa bara, wastaarabu, nyumba imetulia. Sebuleni makochi yalikuwa na vitambaa vya kufuma, vyeupe, vimenyooka kama wanajeshi. Baba wa binti, karani mstaafu, alikaa katikati. Kulia kwake alikaa shangazi wa binti, mama mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Mama mzazi alikaa kwenye kona karibu na dirisha na kikombe chake cha chai. Nilijua tu kuwa ni mwalimu, ila sikujua wa somo gani. Binti mwenyewe alikuwa jikoni, kama ada inavyotaka, ingawa kimya cha jikoni kilikuwa kikubwa mno kwa mtu anayepika.

Mie na mjomba tukatoa shikamoo zetu, tukapewa soda. Nikaanza vizuri, kwa adabu, kwamba tumepita njia tukaona ua limechanua ndani ya uzio wa watu, hatukutaka kulichuma kwa dirishani, tumekuja kubisha mlangoni. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mjomba naye, pembeni yangu, akatikisa. Mambo yalikuwa yanateleza kama mlenda.

Ndipo baba akaniuliza swali la haki kabisa. "Huyo kijana wenu, ni mtu wa namna gani?"

Ndugu zangu, nilisikia furaha inanipanda kutoka kwenye soli za viatu. Nikaweka soda chini.

"Mzee," nikasema, "kijana wetu hana mfano. Mikono yake ina baraka. Aliwahi kuchonga kuku wa mpingo, akamweka nje ya kibanda akauke, majogoo watatu wa Kiwalani wakaacha nyumba zao wakaja kumposa. Pombe haijui. Hata maji, anayanywa baada ya kuyaomba ruhusa. Anaamka kabla ya jogoo, halafu anakwenda kumwamsha jogoo. Hasira hana, hajawahi kuwa nazo, alizaliwa bila. Tangu azaliwe hajamkosea mtu yeyote, hata kwa bahati mbaya."

Mjomba alinifinya pajani. Nikadhani ananipongeza, nikaongeza mwendo.

"Hana mke mahali?" shangazi akauliza ghafla. "Huko Newala?"

"Mke? Mama, huyu kijana, mwanamke akipita huku, yeye anatazama kule mpaka shingo inamuuma!"

Shangazi akamgeukia kaka yake. "Umesikia?"

"Nimesikia," baba akasema. Alikuwa ameshaacha kutikisa kichwa.

"Chema chajiuza," shangazi akasema. Hakumalizia methali. Kila mtu mle ndani anajua ni kipi kinachojitembeza.

"Kijana," baba akaniambia, taratibu, "mimi nimekaa duniani miaka mingi. Mtu asiye na kasoro ndogo hata moja, ana kubwa moja, na wenzake wanaikalia. Sisi tuna binti mmoja tu. Nendeni salama. Tutawaita."

Kwa wasiojua, "tutawaita" ni mlango uliofungwa kwa adabu. Mama kwenye kona alinywa chai yake, akaniangalia juu ya kikombe kama mtu anayesahihisha.

Tuliporudi Kiwalani rafiki yangu alikuwa kibandani, anapiga msasa mgongo wa kinyago. Nikamsimulia yote. Aliendelea kupiga msasa, polepole, mpaka nikafika mwisho.

"Umesema kuku amefanya nini?" akauliza.

"Majogoo watatu..."

"Mie sijawahi kuchonga kuku."

Simu yake ikaita. Alikuwa binti, na sauti yake haikuhitaji spika. "Nani yule mliyemleta? Baba anauliza kama una kifafa. Shangazi anasema una mke na watoto kwenu. Mama hasemi kitu, ndiyo inanitisha zaidi. Na kwetu posa ikishajibiwa hapana, hairudishwi tena, unanielewa? Jumapili ijayo wanakaa kikao kutoa jibu."

Alipokata, rafiki yangu aliweka msasa chini. Nilikuwa sijawahi kumwona anaweka msasa chini kabla kazi haijaisha. Hapo ndipo nilipoona uzito wa jambo. Yule mtu alikuwa amebakiza Jumapili moja ya kuwa na mke, na aliyemfikisha hapo ni mie na soda yangu.

Mjomba akatuita kwa mkono. Tukasogeza masikio, maana alikuwa ananong'ona kama redio iliyoishiwa betri.

"Kwetu," akanong'ona, "mshenga humponda kijana wake kidogo. Ili wakwe wapate pa kumtetea. Ukimsifu wewe, utawaachia wao kazi gani? Watabaki na kazi ya kutafuta ila."

"Sasa mbona hukuniambia, mjomba?"

"Nilikufinya."

"Nilijua unanipongeza!"

Akacheka bila sauti, mabega tu, kisha akakohoa mpaka tukampa maji. Alipotulia akasema hawajatoa jibu bado, wamesema watatuita. Basi kabla hawajatuita, tujiite wenyewe. Nikashauri atafutwe mshenga mwingine, mtu mzima, mwenye breki. Mjomba akakataa. Mwiba, akanong'ona, hutokea pale pale ulipoingilia.

Rafiki yangu akaokota msasa wake, akaugeuza upande wa pili.

"Ukirudi," akaniambia, "nisemee mimi. Yule uliyempeleka Kibamba simjui. Wakimpa yule mke, mimi nitabaki."

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko mwezi wa Ramadhani kwa mlafi. Dukani nikawa naulizwa kama saruji ni nzuri, nasema ndiyo, basi. Bosi wangu alidhani nimefiwa. Kila nikipata nafasi nilikuwa natazama ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda, nikimsoma rafiki yangu kama mtu anayesoma kwa ajili ya mtihani, natafuta kasoro. Na kasoro zilikuwepo, tele, sijui nilikuwa naangalia wapi miaka yote ile.

Jumapili tukarudi. Safari hii soda sikuigusa. Nikaomba radhi kwa kuja bila kuitwa, nikasema kwamba juzi nilimzungumzia mtu ambaye hayupo, na leo nimekuja kumsemea aliyepo.

"Haya," baba akasema, mikono kifuani. "Tuambie."

"Mzee, kijana wetu ni mzito. Ukimwagiza kitu Pasaka, jiandae kukipokea Krismasi. Mama yangu mzazi alimwomba kigoda. Masika ikapita, kiangazi kikapita, kigoda hakuna. Kilipokuja, mama hakukikalia. Mpaka leo kipo pembeni ya kitanda chake, anakipangusa vumbi tu, anasema kukikalia ni dhambi."

Mikono ya baba ilishuka kidogo.

"Halafu haongei," nikaendelea. "Siku moja umeme ulikatika tukiwa kibandani kwake. Nikakaa gizani, nikadhani ameshakwenda nyumbani. Akapita jirani, nikaanza kumteta rafiki yangu kwake, kwamba ni bahili wa maneno, kwamba ukitaka kusikia sauti yake umkanyage mguu. Umeme ukarudi. Amekaa pale pale, ananisikiliza, ameshika patasi."

"Akafanya nini?" shangazi akauliza.

"Akasema, 'Endelea.'"

Shangazi akaziba mdomo kwa khanga.

"Anacheka kwa kuchelewa. Utani wa Jumatatu ataucheka Jumatano, mkiwa kwenye mambo mengine. Ana vumbi la mbao masikioni, kwenye chai, kwenye daftari la kanisa. Ugali anaunguza. Na mwaka juzi nilipolazwa na malaria, alikuwa anakuja kila siku, anakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, hasemi pole, hasemi unaendeleaje, amekaa tu. Muuguzi akadhani ni mgonjwa aliyekosa kitanda, akampima joto. Na yeye akakubali kupimwa! Mie nikafumbua macho, nikamkuta rafiki yangu ana kipimajoto kwapani, ananiangalia kama nitapona. Nikacheka mpaka dripu ikachomoka. Nadhani ndiyo iliyoniponyesha, ile."

Sikuwa nimepanga kusema habari ya hospitali; ilitoka yenyewe. Mjomba safari hii hakunifinya. Alikuwa ameuweka mkono wake mgongoni kwangu.

"Sasa ukimya nao ni kasoro?" shangazi akasema, kwa ukali, tena akinielekezea mie. "Marehemu baba yetu alikuwa hivyo hivyo. Alilea watoto saba kwa kukohoa tu."

"Na mchongaji haharakishwi," baba akaongeza. "Ukimharakisha atajikata kidole. Wewe kijana unauza misumari, utajua nini?"

"Sijui kitu, mzee."

"Ugali si atapikiwa? Binti yetu ana mikono ya bure?"

Walikuwa wanamtetea! Walikaa pale, kaka na dada, wakanishambulia mie kwa ajili ya rafiki yangu, na sijawahi kutukanwa kwa raha namna ile maishani mwangu. Mwishowe baba akamwambia mjomba, kijana aje mwenyewe Jumapili ijayo, wamwone, na aje na kigoda kama hicho, hata kikichelewa. Kule jikoni mfuniko wa sufuria ukaanguka, halafu kigelegele kimoja kirefu, kikafuatwa na cha shangazi aliyekuwa hana tena sababu ya kujizuia. Mjomba alijaribu kushukuru, ikatoka hewa. Kila mtu aliielewa.

Chakula kilipoletwa, mama wa binti alihama kwenye kona yake, akaja kukaa karibu yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake.

"Nieleze, mwanangu," akasema. "Leo nimeona unavyompenda rafiki yako, hata shati lako lilikuwa linaonyesha. Juzi nilisikia mtu anauza. Ilikuwaje?"

Sikuona sababu ya kuficha. Nikamweleza habari ya shule ya jioni, na kile kitenzi ubaoni, na kwamba mie nilikuwa najizoeza tu mapema, maana kule Uingereza kinatekelezwa na askari. Nikamsimulia mzee wa samaki. Kwa heshima ya mahali nikamwachia faini tu, gerezani sikumpeleka.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na baadaye nikajua alivyojikaza, kwa sababu somo alilofundisha maisha yake yote lilikuwa Kiingereza, na mwaka mzima alikwenda kulisomea huko huko Uingereza.

"Kitenzi kipo, na mwalimu wako alikieleza vizuri," akasema, akinisogezea sahani ya ndizi. "Lakini mama mwenye nyumba niliyepanga kwake kule, nilimpikia ndizi na nyama kama hizi. Alikula, akarudia, akakwangua sufuria. Halafu akapangusa mdomo, akaniambia, 'Si mbaya.' Hakuja askari yeyote. Hakuna sheria kama hiyo, mwanangu. Kula."